Mtoto wa miezi mitatu, Dar mpaka Rombo Krismasi: basi, ndege au gari yetu?

mama_wa_tabata

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo hasa nyie mlioshasafiri na vichanga. Nina mtoto wa kiume, ndio uzao wangu wa kwanza, ikifika Krismasi atakuwa na miezi mitatu na kitu. Mume wangu ni mtu wa Rombo na si mnawajua Wachaga Desemba lazima waende nyumbani kuhesabiwa, mwaka huu ndio zaidi maana mjukuu hajaonwa, bibi yake anapiga simu kila jioni anauliza mnakuja lini. Mimi mwenyewe natamani twende, sikatai hata kidogo, ila nikifikiria ile njia kutoka huku mpaka Himo halafu upandishe Marangu, Mwika, mpaka Mkuu na kachanga mkononi moyo unaenda mbio.

Tuna njia tatu. Basi la moja kwa moja, ndege mpaka KIA halafu tukodi gari, au twende na IST yetu mume aendeshe. Hela ya ndege ipo lakini tukiitumia hiyo Krismasi yenyewe inakuwa nyembamba. Mtoto ananyonya tu hajaonja kitu kingine, usiku anasumbuliwa na gesi. Na jambo jingine ndio linanikosesha usingizi, tarehe yake ya kliniki ya wiki ya 14 imeangukia 23 Desemba, mume anasema tuipeleke mbele mpaka turudi Januari, mimi roho haitaki. Naombeni mnisaidie jamani.

bintiwakibosho

Hongera sana mdogo wangu kwa mtoto. Mimi wangu wote wawili wamepanda mlima kwenda nyumbani wakiwa hawajafikisha miezi mitano na wako salama, kwa hiyo usiogope safari. Mtoto wa miezi mitatu ni mwepesi kusafiri kuliko wa mwaka mmoja, huyu chakula chake umekibeba kifuani, hatambai, hataki kushuka chini, akishiba na kukauka analala. Wa mwaka mmoja ndio atakupandia kiti mpaka Segera.

Kama mnaenda na basi nunueni siti mbili zenu za kati, msikubali ya nyuma kabisa wala ile ya juu ya tairi, inarusha na injini inaunguruma, na mtoto wa gesi atateseka. Kaa dirishani mume akae upande wa korido ndio unapata faragha ya kunyonyesha na watu hawakupigi mabegi kichwani. Na kitu ambacho wengi hawaangalii ni jua. Basi la alfajiri linaelekea kaskazini, jua la asubuhi linapiga upande wa dereva, kwa hiyo omba siti upande wa kondakta, mtakula kivuli karibu mpaka Same. Mchana jua likigeuka linakuja upande wenu, hapo ndio kitenge kinafanya kazi dirishani. Lakini usimfunike mtoto uso kwa kanga nzito ukidhani unamkinga, hewa inakuwa haizunguki na joto linajaa humo ndani. Kinga dirisha, mtoto mwache apumue.

Begi la mtoto lisiende kwenye buti. Pampasi, nguo za kubadili, ya kwako pia maana akicheua anakucheulia wewe, kitambaa cha kumlazia, mifuko ya kutupia uchafu, maji ya kunawa, vyote vikae miguuni kwako. Basi likisimama kuchimba dawa ni dakika chache tu ukianza kumbembeleza kondakta akufungulie buti mmeshaondoka.

baba J

Kwa maoni yangu basi na mtoto wa umri huo katikati ya Desemba hapana. Tiketi zinapanda, abiria wamejaa, kila mtu anakohoa, na basi halimsubiri mtoto. Kama gari mnayo na ni nzima nendeni nayo, mnasimama mnapotaka.

njia_ya_kaskazini

Nimeendesha hiyo barabara miaka mingi, ya abiria na ya mizigo. Naungana na baba J kwenye gari binafsi lakini kwa masharti kaka zangu, maana Desemba hiyo barabara ina watu wanaokimbilia nyumbani na kila mwaka tunazika.

Kwanza mtoto asikae mapajani mwa mama siti ya mbele. Najua ndio tunavyozoea wote. Dereva akikanyaga breki ya ghafla mkono wa mama hauwezi kumshika mtoto, nguvu ya gari ni kubwa kuliko mkono wowote, na ile erbegi (mfuko wa hewa) ya mbele ikifunguka inampiga mtoto mwenyewe. Tafuteni kiti cha mtoto cha gari, vya mitumba vipo ila hakikisha hakijapasuka na mikanda yake inafunga, kifungwe siti ya nyuma na mtoto aangalie nyuma ya gari, asiangalie mbele. Mama akae pembeni yake hukohuko nyuma. Akitaka kunyonya gari isimame. Sio umtoe kwenye kiti huku mnatembea.

Pili muda. Ondokeni saa kumi alfajiri, foleni ya Kibaha mtaiwahi, au kama mnaweza kutokea Bagamoyo piteni Bagamoyo mtokee Msata, mnaikwepa Chalinze yote. Shabaha yenu iwe kuvuka ile tambarare kabla jua halijakomaa. Kutoka Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya mpaka Same hapo ndio kuna joto, milima ya Usambara na Upare iko kulia kwako inakuonyesha ubaridi lakini wewe uko chini kwenye mkonge na vumbi. Mkifika hapo saa saba mchana na gari ambayo AC yake haisukumi mtoto atalia mpaka Mwanga.

Simameni kila masaa mawili hata kama kalala. Mtoto mdogo hatakiwi kukaa amejikunja kwenye kile kiti muda mrefu, mtoe, mlaze anyooke, anyonye, abeue, mbadilishe, ndio muondoke. Dakika ishirini sio hasara. Na kwenye kusimama huko msimwache ndani ya gari imefungwa mkaenda kununua machungwa, hata kivulini.

Usiku msiendeshe. Najua mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023 na watu wanasema usiku kuna ubaridi na mtoto atalala, ila yule dereva wa basi kaizoea kazi hiyo na wako wawili wanapokezana, mume wako ni mmoja na katoka ofisini.

nesi wa kliniki

Mama pole na hongera. Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto ngoja nikujibu la chanjo maana wenzangu wameliruka.

Chanjo ya wiki ya 14 usiisogeze mpaka Januari kwa ajili ya safari. Hapo anapata Penta ya tatu, ya nimonia ya tatu, polio ya matone na ile ya sindano. Penta ndiyo inayomkinga na kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini na Hib (bakteria wa nimonia na uti wa mgongo), na kifaduro ndicho kibaya kwa watoto wa umri wake, na wewe unampeleka kwenye nyumba yenye watu kutoka kila kona ya nchi. Sasa kuna kitu wazazi wengi hawakijui, hiyo chanjo haifungwi na kituo ulichoanzia. Ukiwa na kadi ya kliniki unachanjwa popote, hata zahanati ya kijijini, hata hapo hospitali ya Huruma Rombo. Mwambie bibi aulizie mapema kituo cha karibu wanachanja siku gani, maana wiki hiyo ya sikukuu ratiba zinabadilika, usije ukaenda tarehe 25 ukakuta mlango umefungwa.

Kuiwahisha kunawezekana tu kama wiki 4 zimeshatimia tangu ile ya wiki ya 10, angalia tarehe kwenye kadi. Ushauri wangu ni huu, ama msafiri kabla mchanje kulekule, ama mchanje Dar na msiondoke siku hiyohiyo. Wengi wanapata homa kidogo siku ya kwanza na ya pili, mguu unavimba, mtoto anakuwa mkali, hiyo siku hutaki uwe Makanya.

Maji usimpe. Hata Same kukiwa na joto namna gani. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, wewe ndio unywe maji mengi na umnyonyeshe mara kwa mara. Kule juu utaambiwa kakaukiwa koo, mpe kidogo, mpe uji wa ulezi mwepesi, mpe mtori wa ndizi. Mtori kula wewe. Yeye mpaka miezi sita.

Homa: mnatoka Dar, na njiani kuna maeneo ya mbu, kwa hiyo akichemka mkiwa Rombo msiseme ni baridi ya mlimani. Mpelekeni kituoni apimwe malaria, na waambieni mmetokea Dar. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hata ukimwamsha haamki vizuri, hiyo ni ya kwenda saa hiyohiyo, sio kusubiri kukuche. Chandarua bebeni chenu.

bintiwakibosho

Nesi asante, la mtori umenikumbusha na mimi nirudi. Mdogo wangu watu wote wanakuambia habari za njia, njia ni siku moja. Wewe jiandae na hizo siku utakazokaa kule.

Nyumba itajaa. Mashangazi, wajomba, mabinamu wa kutoka Arusha, majirani, na kila mmoja anataka kumbeba mjukuu mpya na kumbusu mdomoni. Ni upendo na mtoto anaustahili, mimi nafurahi sana nikiona babu yangu anamshika kitukuu mkononi. Lakini mwenye mafua asimbebe, na anayembeba anawe mikono. Usiseme wewe. Wewe ni mke wa mtu na ni mara ya kwanza unaingia na mtoto, ukianza kukataza watu watasema mtoto wa mjini katuletea dharau. Mwambie mume aongee na mama yake kabla hamjafika, yeye mama akisema mtoto wa watu asibebwe ovyo hakuna atakayebisha. Mimi mama mkwe ndiye aliyeweka beseni la maji na sabuni pale mlangoni na alikaa nalo mwenyewe.

Kuna na ile ya kumlambisha mtoto mbege (pombe ya ndizi) kwa kidole, wazee wengine wanaona ni kumkaribisha ukoo. Hilo nalo mume alimalize mapema kwa heshima, wanaweza wakamnenea baraka tu bila kumlambisha kitu.

Sasa la baridi. Ukitoka Tabata ukalala Rombo usiku utaona kama umeingia kwenye friji, na watakuletea jiko la mkaa chumbani mtoto apate joto. Jamani hili nalisema kwa herufi kubwa, JIKO LA MKAA LISILALE CHUMBANI, hata kama moto umebaki majivu, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wazima seuze kichanga. Mvalishe nguo mbilimbili nyepesi, soksi, kofia mkiwa nje, na joto lake kubwa ni wewe mwenyewe. Jikoni kwenye moshi wa kuni usikae naye, najua wanawake wote mtakuwa huko mnapika kiburu na nyama, wewe kaa nje kidogo au mwachie baba yake.

mama_wa_tabata

Yaani nimesoma na kurudia, Mungu awabariki sana. Jana usiku nimemsomea mume yote mpaka lile la siti ya mbele akanyamaza, leo asubuhi kaenda Kariakoo kuulizia kiti cha mtoto. Na kampigia mama yake mbele yangu, mama kasema kituo cha karibu na kwao wanachanja na yeye mwenyewe atatupeleka tarehe 23, na la mbege kacheka kasema hilo aachiwe yeye na babu.

Kwa hiyo tumeamua gari yetu na tunaondoka tarehe 20 alfajiri. Swali la mwisho kwa kaka wa njia ya kaskazini, kwa mwendo huo wa kusimamasimama tukitumia siku nzima ni salama au tulale njiani? Mume anasema tulale Korogwe.

njia_ya_kaskazini

Shemeji Korogwe mtafika asubuhi ya saa tatu, mtalala saa ngapi sasa? Na kuna joto na mbu, mtoto atakesha na nyie mtakesha. Pale simameni mpumzike saa zima, mle, mtoto anyooke, halafu mvuke tambarare.

Uamuzi ufanyieni Same. Mkifika Same kabla ya saa nane mchana na mume yuko vizuri endeleeni, Himo sio mbali, na mtapandisha Marangu kukiwa bado kweupe. Ikiwa imeshapita saa kumi, au mume anasugua macho, laleni hapohapo Same mmalizie asubuhi. Msipandishe kule usiku, kona ni nyingi, ukungu unashuka, na watu wanatoka sherehe wanatembea barabarani.

Kabla ya hiyo tarehe 20 peleka gari kwa fundi aangalie breki, tairi pamoja na ya spea, na gesi ya AC. Na hicho kiti mkifungeni siku kadhaa kabla, mzungukeni nacho hapo Tabata mtoto akizoee.