Tumeuziwa "machipuko" ya Albania kumbe mlima bado uko chini ya theluji, HELA YETU IRUDI

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mkikuta sentensi haina kichwa wala miguu mnivumilie, na mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho kama mlivyonifanyia mwaka jana.

Tuko watano, wanne tunaishi huku Ujerumani na wa tano ni dada yangu wa Dar anakuja kunitembelea mwezi wa nne. Tukasema Pasaka hii hatukai ndani kukaanga vitumbua na kulaani baridi, twende sehemu. Mwenzetu mmoja akaleta tangazo kwenye grupu la wasap, la wakala ambaye ni Mswahili mwenzetu (simtaji, bado namdai), picha ya bonde la kijani, maua ya njano, mto wa bluu mpaka unatamani kuunywa, limeandikwa Machipuko Milimani Albania, siku sita. Mnashuka Tirana, mnalala Shkodër, mnapanda boti Ziwa Koman, mnalala Valbona, kesho yake mnavuka mlima kwa miguu mpaka Theth. Euro 480 kwa kichwa, depoziti 200. Tukatuma siku hiyohiyo kama watoto, watano mara mia mbili, piga hesabu mwenyewe.

Sasa mimi ni mtoto wa Machame. Mjomba wangu amebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka mingi, mgumu haswa, na kwetu hata mtoto anajua mlima una kalenda yake. Mwezi wa nne ni masika, wakala mwenye haya atakwambia kaka utanyeshewa kuanzia getini, ukitaka njoo ila ujue, na bei atakupunguzia. Hakupi picha ya mwezi wa nane akakwambia ndo utakachokikuta. Hicho ndo kilinikosesha usingizi, nikaanza kuchimba mwenyewe kitu ambacho nilitakiwa nikifanye kabla ya kutuma hela, najua, msinianze.

Kumbe ile njia ya Valbona kwenda Theth inapanda mpaka kwenye penyo la mlima, wenyewe wanaita qafa yaani shingo, karibu mita 1,800. Theluji pale inakaa mpaka mwishoni mwa mwezi wa tano, miaka mingine unaingia wa sita bado ipo. Wanaopita kabla ya hapo ni watu wenye kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu) na shoka la barafu na kiongozi anayejua poromoko la theluji linaanzia wapi. Dada yangu kanunua raba. Nyeupe. Kanitumia na picha anauliza kama zitafaa kwa mlima!

Na hapa nikiri, na mimi nilijidanganya. Niliangalia kilele kikubwa cha milima ile, Jezerca, mita 2,694, nikacheka nikasema hii haifiki hata Mandara, kambi ya Kilimanjaro ambayo watu wanalala siku ya kwanza. Nikasahau Kilimanjaro iko karibu na ikweta na hawa wako latitudo 42 kule juu, theluji haiwasubiri kileleni, inawafuata mpaka mlangoni. Afu milima yenyewe inaitwa Bjeshkët e Nemuna, milima iliyolaaniwa. Jina tu lilitosha kutufanya tuulize maswali.

Basi katikati ya mwezi wa tatu nikatafuta namba ya gesti moja Valbona nikapiga mwenyewe. Akapokea mama mtu mzima, Kijerumani hana, Kiingereza hana, mimi Kialbania sina, nikataja tarehe zetu kwa vidole kwenye video. Akacheka, akageuza simu. Wakuu, niliona mbwa anatembea JUU ya uzio. Sio kwamba karuka, theluji imefika usawa wa uzio na mbwa anapita zake kama yuko barabarani. Kuni zimepangwa ukutani unaona safu mbili za juu tu. Mama akawa anarudia neno moja, qershor, qershor, anatingisha kichwa mimi sielewi ni ndiyo au hapana. Kesho yake nikamuuliza jamaa mmoja Mwalbania tunapiga naye kazi ghalani, akasema qershor ni mwezi wa sita, umetokana na qershi, matunda ya cheri, mwezi wa cheri. Mama wa watu alikuwa ananiambia njooni cheri zikiiva.

Nikarudi kwa wakala na skrinishoti zote. Mkitaka kujua mtu mwongo ni nani mpelekee ushahidi muone anavyobadilika. Kwanza akasema hiyo gesti iko juu sana, uongo, iko bondeni. Afu akasema basi tutazunguka na gari mpaka Theth. Barabara ya kutoka Shkodër kwenda Theth siku hizi ina lami sikatai, ila nayo inapita kwenye shingo yake nyingine na theluji ikianguka inafungwa, lami haiyeyushi theluji! Nikamuuliza na boti je, akasema boti zipo daima. Ukweli ni kwamba pantoni kubwa la watalii pale Koman linafuata msimu, wakati wa baridi wenyeji wanabaki na boti ndogo ya kuwapeleka sokoni na hospitali. Lile ziwa lenyewe sio la Mungu, ni bwawa la umeme walilolijenga miaka ya 80 kwenye mto Drin, maji yakapanda yakajaza korongo, na kuna watu wanaishi kwenye kuta za lile korongo ambao barabara yao ni hiyo boti. Nilitamani kuliona kuliko vyote. Mwisho akaniambia "kaka hali ya hewa ni kazi ya Mungu." Sawa, na tangazo aliliandika nani?

Hapo bado sijafika kwenye hela.

Nikamlazimisha atume mchanganuo. Usafiri wa ndani: leki (hela ya Albania) 20,000 kila mtu. Leki mia ni kama euro moja, kwa hiyo hiyo ni euro 200 kukaa kwenye furgon, na furgon ni vipanya vyao tu, vinaondoka vikijaa, dereva anavuta sigara dirishani anasubiri abiria wa mwisho, tofauti na vya Moshi Machame ni kwamba hawaning'inii mlangoni. Nikampelekea yule jamaa wa ghalani, akacheka mpaka akakaa kwenye boksi. Akaniambia mwaka 1965 serikali yao ilikata sifuri moja kwenye hela, leki kumi za zamani zikawa moja mpya, ila watu mpaka leo wanataja bei na sifuri ileile ya zamani. Kahawa ya leki 100 mtu anakwambia elfu moja, na wote wanaelewana. Dereva akisema elfu ishirini anamaanisha elfu mbili, euro ishirini! Kwa hiyo wakala wetu ama hajawahi kukanyaga Albania maishani mwake ama anajua na kajinyamazia na sifuri yetu mfukoni. Chagueni.

Afu kuna "visa prosesingi" euro 60 kila mtu juu ya hiyo 480. Sisi wanne tuna vibali vya kuishi vya Ujerumani, tunaingia Albania bila visa siku 90 ndani ya 180, anatuprosesia nini? Na mwenye shida kweli, dada yangu, kamwambia USIJALI, una visa ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazopitana bila ukaguzi mpakani) inatosha. Dada ana Schengen ya kuingia mara moja! Albania haiko EU, haiko Schengen, ukitoka Ujerumani kwenda Tirana umetoka, visa yako imekufa pale pale, hurudi. Na Albania yenyewe ukiwa na Schengen wanataka iwe ya kuingia mara nyingi na uwe umeshaitumia, kwa hiyo angezuiliwa kabla hata ya kupanda ndege, au angepita kwa bahati mbaya akakwama Tirana na sanduku na zile raba nyeupe. Mimi hela nitasamehe siku moja, hili hapana. Mama angeniuliza mtoto wangu umemwacha wapi ningejibu nini?

Na kuna kitu kingine wengi wetu huku hatukijui. Hapa Ujerumani mtu akikuuzia pakeji, usafiri na malazi pamoja, lazima akupe cheti cha dhamana kabla ya kupokea malipo, wanaita Sicherungsschein, akifilisika hela yako inarudi. Nimemwomba. Kanijibu "kaka mbona unakuwa Mjerumani sana." Toka hapo anasoma meseji hajibu, na jana kanibloku.

Nyongeza: naona mmeshaanza, "ungeenda Zanzibar", "mtu mweusi na theluji wapi na wapi". Mkuu uliyeandika hivyo mimi nimezaliwa naiona theluji nikipiga mswaki, tulia. Anayeuliza kama Albania yote mwezi wa nne haifai: inafaa sana, ila kusini. Berat na Gjirokastër, ile miji ya mawe iliyoko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, jua lipo na watalii wachache, na pwani unapita shingo ya mlima ya Llogara unaiona bahari chini yako. Ila mjue Pasaka kule ziko mbili, ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi, zote sikukuu, ulizeni usafiri mapema. Wakala angetuuzia hiyo tungemshukuru.

Nyongeza 2: wakala kanifungulia bloku saa nne usiku. Anasema hela haiwezi kurudi ila anatupa vocha, safari ileile, Valbona mpaka Theth kwa miguu. Mwezi wa kumi na mbili.