Walimu wa online, mnajipangaje kompyuta ikizingua katikati ya kipindi? Tupeane uzoefu

ticha_tanga
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili online kwa wageni, wengi wako Ujerumani na Marekani, sina kampuni wala fundi wa kumpigia simu, ni mimi na laptop na bando. Najua humu tupo wengi wa aina hii, wa hesabu, wa Kiingereza, wa Qur'an. Shuleni projekta ikigoma unashika chaki kazi inaendelea, sisi laptop ikizima hakuna darasa na mara nyingi hakuna hela. Kwa hiyo naomba kila mtu aseme anajipanga vipi KABLA. Naanza.

Mimi nimetilia mkazo mwanafunzi ajue la kufanya nikipotea. Siku ya kwanza kabisa namwambia, nikikatika usitoke, subiri dakika 5 narudi kwa simu kwenye linki ileile, nisiporudi utapata meseji WhatsApp na kipindi nakifidia. Hiyo meseji nishaiandika iko kwenye noti za simu, nakopi natuma. Na simu yenyewe ina Zoom nishaingia kabisa, maana kuanza kutafuta paswedi wakati mtu anakusubiri unachanganyikiwa. Watu wanavumilia sana kukatika, kinachowaudhi ni kukaa wanaangalia skrini imeganda hawajui kama unarudi.

mama_arusha
Asante mwalimu kwa mada. Kwangu adui ni umeme. Laptop nilinunua yuzdi betri imechoka, umeme ukiondoka inazima papo hapo, kwa hiyo hela ya kwanza ya wanafunzi ilienda kwenye betri, sio kamera wala taa. Halafu nikaona betri peke yake haitoshi kwa sababu laptop inabaki inawaka ila ruta imezima! Nikatafuta mini UPS, ni kiboksi kidogo chenye betri ndani kinakaa kati ya adapta na ruta, umeme ukikatika ruta haijui hata kama kuna kilichotokea, mwanafunzi anaendelea kusoma. Wengi hawakijui hiki kidude na ni rahisi kuliko kuwaza jenereta. Ila soma kwanza adapta imeandikwa volti ngapi, nyingi ni 12V ila zipo za 9V na 5V, ukichomeka isiyo yake unaweza kuiunguza. Na usisubiri siku ya kazi ndio ujue kama inafanya kazi, chagua mchana huna kipindi, chomoa waya ukutani, weka simu ya video na ndugu yako muongee mpaka ikate, hapo utajua una muda gani.

hesabu_nairobi
Niaje walimu wenzangu. Mi nilikuwa na laini mbili za mitandao tofauti nikajua niko sawa, kisha tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari zikakatika, Kenya, Tanzania, Uganda wote tukaumia, na hapo laini ya pili haikusaidia kitu juu mitandao mingi ilikuwa inategemea njia ileile ya baharini. Tangu hapo kila mwanafunzi lazima awe na PDF ya maswali ya wiki nzima kwake, ameshaidownload. Net ikiwa mbovu tunazima video zote mbili, tunabaki na sauti, namwambia fungua swali la 4, anafanya, anapiga picha anatuma WhatsApp, nasahihisha kwa kalamu nampigia picha namrudishia. Mzazi mmoja aliniambia mtoto alimakinika zaidi siku hiyo. Sauti peke yake inakula data kidogo sana ukilinganisha na video, hii watu wanaisahau.

ustadh_unguja
Assalamu alaykum. Nasomesha watoto Oman na Uingereza. Langu mimi ni apdeti za Windows, nenda kwenye setting weka "active hours" zifunike saa zako zote za kazi isijiwashe upya katikati ya kipindi, na usiku ukimaliza iwashe upya mwenyewe, usiiache wiki nzima imelala tu. La pili, majina ya wazazi, namba zao na saa zao ninazo kwenye daftari la mkono. Skype ilipofungwa Mei 2025 wapo waliokuwa wanajuana na wanafunzi wao humo humo tu, hawana namba nyingine. Kompyuta ikifa leo, daftari halifi.

kinglish_dom
Na files je? Mi masomo yangu yote yapo desktop hapo hapo

ustadh_unguja
Ndugu yangu hamisha leo hii. Google Drive na flashi pia, uwe nazo zote mbili.

mama_arusha
@ticha_tanga hapo kwenye kufidia nakupinga kidogo kaka. Mimi nikikatika mimi nafidia dakika zilizopotea tu, sio kipindi kizima, na net ikiwa mbovu upande wa mwanafunzi sifidii. Nimeyaandika hayo kwenye meseji ya kumkaribisha kabla hajalipa. Ukiwa mpole sana mwezi unaisha umefundisha bure.

ticha_tanga
Umenena dada, la kuandika kabla hajalipa nalichukua. Ila kwa mwanafunzi mpya bado nampa kizima, ndio anapoamua kubaki au kuondoka.

kinglish_dom
Sawa nahamisha usiku huu. Swali, adapta ya ruta yangu imeandikwa 12V 1A, dukani kuna mini UPS ya 12V 2A, nisije nikaiunguza?

mama_arusha
Chukua tu. Volti ndio zifanane, ampea zikizidi haina shida, ruta inavuta inachohitaji. Ila nenda na ruta yako dukani uhakikishe kile kichwa cha waya kinaingia na hakichezi.