Gari inatetemeka ukikanyaga mafuta, nimetafunwa karibia laki tano na ugonjwa wenyewe hawakuujua

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo, na wale wa "uzi mrefu sisomi" pitieni tu mbele hakuna aliyewashika.

Nina kigari changu Toyota IST, oldi modo ya cc 1300, nimekaa nayo mwaka wa nne huu haijawahi kunisumbua zaidi ya betri na pedi za breki. Sasa miezi kama mitatu iliyopita ikaanza kutetemeka. Sio ikiwa imesimama, sio ukitembea taratibu mtaani, hapana. Ukiwa kwenye 60 hivi ukakanyaga mafuta ili uvuke lori, bodi yote inacheza kushoto kulia kama kuna mtu anaitikisa siti kwa nyuma, na ukiwa na abiria au unapanda kilima ndo inazidi. Ukiachia mafuta tu, kimyaa, inateleza kama imeshuka melini jana. Ukikanyaga tena, hiyo hapo.

Naomba mshike hiyo sentensi maana nilimwambia fundi hivyo hivyo neno kwa neno: ukikanyaga inatetemeka, ukiachia inaacha, spidi ni ile ile. Nilimwambia siku ya kwanza, nikarudia siku ya pili, nikarudia tena ya tatu mpaka nikajiona kama kasuku.

Fundi wangu akafungua boneti, akapiga resi pale pale uani gari ikiwa nyutro, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa akasema "bosi hii inamisi, plagi zimechoka", yaani kuna silinda haichomi mafuta vizuri. Hakuingia barabarani hata mita mia. Haya, plagi nne 60,000 na ufundi 20,000. Kumbe plagi zilizotoka zilikuwa bado nzima kabisa, rangi ya kahawia nzuri, na zile mpya nikaja kuambiwa baadaye ni feki, hata uwazi wa pale kwenye ncha ulikuwa tofauti plagi na plagi wakati injini ile inataka milimita 1.1. Nikatoka nayo, nimefika tu barabara kubwa, mtetemo ule ule.

Nikarudi. "Basi bosi itakuwa koili", zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Akanitafutia mbili za yuzdi 100,000. Nikamuuliza sasa mbona taa ya chek enjini haijawahi kuwaka? Maana gari ikimisi kweli kweli kompyuta inaandika kodi, yaani namba ya kosa, utaona P0300 au P0301 mpaka P0304 kutegemea ni silinda ipi, na ikimisi vibaya taa inapepesa kabisa. Akachomeka kimashine chake, hakuna kodi hata moja. Mtu mwenye akili hapo angesimama ajiulize. Yeye akasema "hizi IST zina tabia ya kuficha kodi". Kuficha kodi jamani!! Kama mfanyabiashara wa Kariakoo.

Koili zikafungwa, hola. Nozeli za kupulizia mafuta zikasafishwa 40,000, hola. Halafu zikaja mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini, na hapa nikiri kidogo nilimwamini maana zangu kweli zilikuwa zimechoka, ukiweka D na mguu kwenye breki usukani ulikuwa unanguruma. Zote tatu 165,000 na ufundi 40,000. Ule mngurumo wa kwenye sailensa, yaani injini inawaka gari imesimama, ukaisha kweli, hilo nampa. Lakini nilichompelekea hakikuwa mngurumo wa sailensa! Nilimpelekea kutetemeka nikiwa 60 nimekanyaga! Hayo ni magonjwa mawili, umetibu mafua nimekuja na mguu.

Kwa fundi mwingine nikafanya balansi na alaimenti 50,000. Huyu angalau alikuwa muungwana, alinambia kabisa "kaka hii nakufanyia lakini sidhani kama ndo yenyewe, tairi isiyo na balansi haijui kama umekanyaga au umeachia, ikifika 90 au 100 inatetemeka tu". Ndo mtu wa kwanza kunisikiliza. Ila hakuwa na jibu.

Pigeni hesabu wenyewe: 80 na 100 na 40 na 205 na 50. Laki nne na 75. Gari inatetemeka.

Nikarudi kwa fundi wangu nimevimba, akakaa kwenye usukani kwa mara ya kwanza tangu sakata lianze, akaendesha mpaka kona ya pili na kurudi, akashuka na sura ya msiba. "Bosi, nisikufiche. Giaboksi inakufa." Tutafute giaboksi ya yuzdi laki tisa. Wakuu, nilikaa kwenye tairi bovu pale nje kama dakika kumi sisemi kitu.

Kilichoniokoa ni dereva wa teksi ya mtandao, naye ana IST kama yangu. Nilikuwa nimepanda kwake maana yangu nimeogopa kuipeleka Kibaha, tukawa kwenye ile barabara ya njia nane, nikaanza kulalamika kama ninavyolalamika hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kaka, umeinyanyua?"

Nikamwambia ndio, niliweka spesa, vile vipande vya kuinyanyulia bodi, mwaka jana kwa sababu barabara ya kwetu mvua ikinyesha ni mto. Akacheka. "Basi hiyo ni shafti, kikombe cha ndani. Mimi ilinitokea nikazitoa."

Nieleze kidogo kwa wasiojua maana na mimi nilikuwa sijui. Shafti inayotoka giaboksi kwenda tairi la mbele ina jointi mbili. Ya nje, upande wa tairi, hiyo wengi mnaijua, ikifa inapiga ka-ka-ka ukikata kona. Ya ndani, upande wa giaboksi, ni kikombe chenye mifereji mitatu, na ndani yake kuna vigurudumu vitatu vinavyoteleza kwenye hiyo mifereji ili shafti iweze kurefuka na kufupika gari inapopita mashimo. Ukiinyanyua gari kwa spesa, injini na giaboksi vinapanda na bodi ila tairi linabaki chini, kwa hiyo shafti haiko tena karibu na usawa, imelala kwa mteremko muda wote. Vile vigurudumu vinaanza kukwangua sehemu ambayo havikupangiwa kukaa, mifereji inachimbika, na ukikanyaga mafuta nguvu ya injini inavisukuma kwenye vile vishimo, vinakwama vinaachia, vinakwama vinaachia, mara tatu kila tairi likizunguka mara moja. Ndo ule mtetemo. Ukiachia mafuta hakuna nguvu inayopita, vinatulia. Na kompyuta haiwezi kukwambia chochote maana kwenye shafti hakuna sensa, utachomeka mashine mpaka Krismasi.

Ndo maana pia kupiga resi uani hakusaidii kitu, gari ikiwa nyutro shafti haibebi mzigo. Jipimie mwenyewe kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari: fika 80, kanyaga usikie mtetemo, halafu achia mafuta kabisa kwenye spidi hiyo hiyo. Ukiisha papo hapo na gari haikosi nguvu wala taa haiwaki, acha plagi za watu. Ikiwa inakosa nguvu na inastuka-stuka kama imepaliwa, hapo sawa, anza na plagi na koili.

Sasa kinachonichoma roho mpaka naandika usiku huu ni hiki. Spesa zile nani alizifunga? FUNDI YULE YULE. Kwa mkono wake, 120,000, inchi mbili, na alinisifia "bosi sasa umekuwa na Prado". Kwa hiyo aliiharibu mwenyewe, nikampelekea, akaniuzia dawa nne za magonjwa mengine, halafu akataka kuniuzia giaboksi. Miezi mitatu gari iko juu ya jeki kwake, ile raba inayofunika jointi ya kushoto imechanika na grisi imeruka mpaka kwenye chasisi, na hakuna siku alipitisha macho pale. Alikuwa anafunga mauntingi sentimita chache kutoka hapo!

Na mimi simo kwenye malaika, najua. Nilitaka gari iwe juu, nikalipa, sikuuliza. Ila mimi ni mhasibu, sio fundi.

Nilienda kwa mzee mmoja aliyenielekeza yule dereva. Cha kwanza akatoa spesa, akaniambia kaizungushe uone. Mtetemo ukapungua kama nusu, hapo hapo nikajua tumeupata. Akavua shafti ya kushoto, akafungua kikombe, akaniambia "mwanangu pitisha ukucha hapa". Ukucha ukanasa kwenye mfereji kama kwenye ufa wa sahani. Ya kulia ilikuwa bado laini, akaipaka grisi mpya ya jointi akairudisha. Shafti ya yuzdi nikaipata kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, 130,000, na yeye alinifundisha kuikagua kabla ya kulipa: raba isiwe imepasuka, na uivute na kuisukuma usikie inateleza bila kukwaruza. Ufundi 40,000. Shafti ikitoka oili ya giaboksi inamwagika, kwa hiyo 30,000 nyingine ya kurudishia, ya aina ile ile inayotakiwa, usikubali kujaziwa yoyote iliyopo kwenye kidumu. Jumla laki mbili. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana.

Jumamosi nimeenda nayo Chalinze na kurudi na watu wanne ndani. Haitikisiki hata kidogo. Chini inagusa matuta ya kwetu, nimekubali, napita kwa adabu.

Nilimpigia fundi nikamwambia nimepata tatizo ni shafti na wewe ndo uliyeinyanyua, nirudishie hata hela ya koili nizirudishe. Akasema nina kelele, yupo kwenye msiba atanipigia. Hajapiga, wiki ya pili hii. Hizo koili mbili na plagi feki ninazo kwenye mfuko, na naomba mwenye uzoefu anisaidie, kuna njia yoyote ya kumbana mtu wa hivi asiye na risiti wala kibao? Maana nilikuwa namlipa kwa simu tu, meseji za miamala ninazo zote.

Apdeti, saa mbili asubuhi: amenitumia meseji. Nainakili kama ilivyo. "Bosi umepotea sana. Ile giaboksi imepatikana, laki nane na nusu, tuma advansi wasije wakaichukua wengine."