Naomba ushauri: chenji dukani wanaiweza, daftarini wanakwama

Ndugu walimu na wazazi wenzangu, salaam.

Hapa mtaani kwetu Morogoro, sisi wazazi wachache huwakusanya watoto wa darasa la tatu na la nne kila Jumamosi jioni, tukiwachezesha bao na duka la kuigiza lenye noti za karatasi, ili waizoee hesabu bila hofu ya kiboko. Bao, kwa mashimo yake 32 na kete 64, wanalipenda mno. Wapo wanaotazama tu kete saba za shimo la tatu na kujua kwamba zitakata kona na kuishia safu ya nyuma, shimo la pili kutoka kwenye kona hiyo.

Tatizo ni kwamba mtoto anayerudisha chenji ya shilingi 350 bila kusita, mteja anaponunua sukari ya 650 kwa noti ya 1,000, akiandikiwa 1,000 − 650 huinama na kunyamaza, kana kwamba ni jambo jingine kabisa. Tulijaribu kuwaandikisha mauzo yote daftarini, lakini mchezo ukageuka kuwa darasa (kwa kweli hata mimi nilichoka) na baadhi yao wakaacha kuja.

Naomba kuuliza: ni hatua gani ya kati inayoweza kumtoa mtoto kwenye kete na noti hadi kwenye alama za kuandika bila kumwondolea raha? Na je, walio waoga niwachezeshe peke yao kwanza, au niwachanganye na wale wepesi wanaowahi kujibu?