Mjadala: Idi ya kuchinja iwe sikukuu ya Wakenya wote kisheria?

Mzazi wa Kisauni: Idi ndogo, ile ya baada ya Ramadhani, imo katika sehemu ya kwanza ya Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, pamoja na Krismasi na Ijumaa Kuu. Idi kubwa, hii ya kuchinja, imewekwa sehemu ya pili, ya Waislamu peke yao. Twapumzika sote pale tu waziri anapoitangaza kwenye Gazeti Rasmi. Bunge liihamishe. Mwaka mmoja shule ya binti yangu iliweka mtihani siku hiyo hiyo. Akaenda na hina yake mikononi. Mwalimu akamtoa nje akaioshe. Hina haioshwi! Alisugua kwa jiwe mpaka vidole vikachubuka.

Fundi wa Gikomba: Pole kwa mtoto. Lakini mimi nalipwa kwa siku, na sikukuu ikiongezwa unga hauongezeki. Tena hii yenu hata nyinyi wenyewe hamjui ni lini, kila mwaka mnabishania mwezi.

Bibi wa Mji wa Kale: "Hamjui"? Mwanangu, hapo umenichoma. Idi hii ni tarehe kumi ya Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Mwezi ukiandama twaijua siku tisa kabla, si kama Idi ndogo ya kungoja usiku wa kuamkia. Pasaka nayo yahama kila mwaka, nani amewaambia hamuijui?

Fundi wa Gikomba: Pasaka iko kwenye kalenda tangu Januari, mama.

Msomaji wa Garissa: Bibi, kwa heshima, mwezi wa nani? Mahujaji wakisimama Arafa, uwanja ulio karibu na Makka, mimi nafunga, kesho yake naswali Idi. Wengine mnangoja mwezi uonekane hapa.

Bibi wa Mji wa Kale: Wa hapa, ndiyo. Kadhi Mkuu akishatangaza, basi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu.

Msomaji wa Garissa: Wazee hawakuwa na habari za Makka siku ile ile. Sisi tunazo. Unafungaje Arafa wakati wenzako wanachinja Mina?

Wakili wa Nakuru: Turudi kwenye sheria jamani. Katiba ya 2010, Ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa. Siku za taifa inazozitaja ni tatu: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Ukiipandisha Idi kubwa, ipandishe na Diwali, maana nayo imewekewa Wahindu peke yao. La sivyo ziondoke zote za dini.

Mzazi wa Kisauni: Iguse Krismasi uone. Uganda Idi zote mbili ni za wote. Tanzania vivyo hivyo, na Maulidi juu yake. Hakuna aliyekufa njaa.

Fundi wa Gikomba: Hayo ni maneno ya mtu wa mshahara wa mwezi.

Mzazi wa Kisauni: Mshahara upi? Nakaanga mahamri tangu alfajiri, nisipouza hatuli. Na bado nataka siku hiyo.

Fundi wa Gikomba: Basi hapo nisamehe, dada. La unga silirudishi.

Msomaji wa Garissa: Bibi hajanijibu la Arafa.

Bibi wa Mji wa Kale: Nakujibu. Mwaka tuliogawanyika, mume wangu alichinja Jumapili, mwanangu Jumatatu, nyumba moja. Sinia ya nyama ikaenda kwa jirani mara mbili. Sikumfukuza mwanangu. Lakini usiniambie wazee wangu walipotea.

Msomaji wa Garissa: Sikusema walipotea.

Bibi wa Mji wa Kale: Umesema hawakuwa na habari. Ni lile lile.

Jirani wa Majengo: Mimi ni Mkristo, sinia kama hiyo huja kwangu kila mwaka. Waziri asipotangaza, naikuta imefunikwa mlangoni nikitoka kazini usiku, wenyewe wameshalala. Mkono wa Idi natoa kesho yake. Hilo ndilo linaloniuma. Dada wa Kisauni, yule mwalimu aliomba radhi?

Mzazi wa Kisauni: Hakuomba. Hina ilififia yenyewe baada ya wiki mbili. Mwaka uliofuata binti alikataa kupakwa.