Naomba ushauri: rangi za maji kwa kutia vivuli kwenye kindege cha plastiki

Wakuu, habari zenu. Ninaunda kindege cha Spitfire (ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili) cha kipimo cha 1/72, yaani kidogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, urefu wake hata sentimita 13 hakifiki. Nimeshakipaka akriliki ya kijani na kahawia, sasa nataka kutia weusi kwenye ile mistari ya maungio ya mabati, kisionekane kama mdoli wa dukani.

Najua wengi huzimua rangi ya mafuta kwa thina. Mimi nalala chumba kimoja na mtoto mchanga, harufu hiyo haiingii ndani. Nikachukua rangi za maji za kawaida, zile za vidonge.

Mara ya kwanza rangi ilijikusanya matone matone kama umande kwenye jani la mgimbi. Nikaongeza tone la sabuni ya vyombo, ikatulia, ila ilipokauka iliacha pete mbaya juu ya bawa. Uzuri wake, nilifuta kwa pamba yenye majimaji ikatoka yote.

Je, nitangulize vanishi isiyong'aa ili rangi ipate pa kushika? Na mwishoni nitaifungaje? Rangi hizi hata zikikauka huyeyuka tena zikiguswa na maji, na vanishi yangu ni ya maji, ya kupaka kwa brashi. Naona kabisa itaburuza kazi yote! Ya kupuliza niliyoipata ni ya mafundi wa magari. Kuna aliyewahi kuijaribu juu ya akriliki bila kuiharibu?