Familia ya Chumbageni: Mwalimu yuko safarini

*Jumamosi, mwezi wa sita (saa za ujumbe ni za Tanga)*

Zuhura [09:50]: Assalaam alaykum wote. Nimeshampandisha Mama basi hapa Glasgow, Uskoti. Anakwenda Glencoe mpaka Loch Ness, jioni anarudi. Mimi naingia zamu, simu inakaa kabatini. Tafadhali msimpigiepigie, betri yake mnaijua.

Athumani: Waalaykum salaam. Umempandisha peke yake?

Zuhura: Mjomba, wako abiria ishirini na kitu humo. Na Kiingereza anakijua kuliko mimi. Kwaherini.

Athumani: Siti gani? ... Zuhura? Haya, ameshaondoka.

Mwl. Mwanaidi [10:08]: Nimekaa mbele, nyuma ya dereva. Tumeondoka saa mbili kamili ya huku, hata dakika haikuzidi.

Athumani: Dada, nimeendesha Tanga–Dar miaka kumi na tisa. Anayekaa siti ile ni mtu wa maswali.

Mwl. Mwanaidi: Ndiyo maana nimekaa. Gari ni kama Kosta iliyonyooshwa, vioo vikubwa. Dereva amevaa sketi.

Sada: Amevaa NINI?

Mwl. Mwanaidi: Sketi ya mirabaraba mpaka magotini, na soksi ndefu. Yeye ndiye dereva, yeye konda, yeye mwalimu wa historia. Ana kipaza sauti mdomoni.

Athumani: Hiyo si sketi, ni kikoi cha sufu. Mimi nauliza, anaongea huku anaendesha?

Mwl. Mwanaidi: Tangu tumetoka hajameza mate.

Athumani: Mimi ningenyang'anywa leseni Segera.

Juma: Shangazi, soda na biskuti wameshagawa? 😂

Mwl. Mwanaidi: Hakuna. Tumegawiwa onyo tu: ukichelewa kituoni, basi halikungoji.

Juma: Basi hilo ni la Ubungo kabisa

Mwl. Mwanaidi: Juma, sentensi inaishia na nukta.

Juma: .

Mwl. Mwanaidi [10:55]: [picha] Hili ni Loch Lomond. Loch ni ziwa kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji wa huku, glen ni bonde, ben ni mlima. Ukishayajua hayo matatu, ramani nzima ya huku unaisoma.

Sada: Mashallah. Mama yetu mzee yuko hapa nimemwonyesha, anauliza mbona maji meusi.

Mwl. Mwanaidi: Mwambie ni kivuli cha wingu. Mvua inanyesha, inaacha, inanyesha. Nimeshavua na kuvaa sweta mara nne.

Juma: Abiria wenzio wakoje?

Mwl. Mwanaidi: Wako ndugu wawili kutoka Manila, wauguzi, wana mfuko wa chakula mkubwa kuliko wangu. Nyuma kuna kijana na mchumba wake, Wahispania, wamelala tangu Glasgow. Watu wamelipa pauni zao kuja kulala! Na hapa ubavuni yuko mzee wa Kanada.

Sada: Mzee wa umri gani wifi?

Mwl. Mwanaidi: Miaka themanini na moja. Amefiwa na mkewe.

Sada: Aaah. Na hayo umeshayajua saa hizi.

Juma: 😂😂😂

Mwl. Mwanaidi: Sada una mambo ya kitoto. Ukoo wake ni MacDonald, anatoka Nova Scotia, ndiyo kusema Uskoti Mpya. Wazee wake waliondolewa mashambani huku ili wenye ardhi wafuge kondoo, wakapanda meli. Ndiyo anakuja kuona mara ya kwanza.

Mwl. Mwanaidi [11:30]: Tumesimama kijiji kinaitwa Tyndrum. Dakika kumi na tano za kuchimba dawa.

Athumani: Wanachimba dawa porini?

Mwl. Mwanaidi: Kaka, kuna choo. Cha maji ya moto.

Mwl. Mwanaidi [12:20]: Sasa tunapita Rannoch. Hapa hakuna kitu. Nataka muelewe: hakuna mti, hakuna nyumba, ni nyasi za rangi ya kutu na vidimbwi vyeusi mpaka jicho linachoka. Mzee wa Kanada ameacha kuongea.

Mwl. Mwanaidi [12:38]: Jamani.

Sada: Kuna nini??

Athumani: Basi limeharibika?

Mwl. Mwanaidi: [picha]

Mwl. Mwanaidi: [picha]

Mwl. Mwanaidi: Bonde la U.

Juma: ??

Mwl. Mwanaidi: Juma bin Rashidi, usiniulize alama mbili za kuuliza. Kidato cha tatu, mada ya barafu. Nimelichora bonde hili ubaoni miaka ishirini na nane, kwa chaki, sijawahi kuliona. Leo nimesimama ndani yake. Hapa ni Glencoe.

Juma: Shangazi nalikumbuka. Lilinipotezea alama mbili.

Mwl. Mwanaidi: Tazama mto chini pale. Mto ule mdogo hauwezi kuchimba bonde pana hivi hata ukipewa umri wote wa dunia. Ni barafu ndiyo iliyopita hapa kama jembe. Na ile milima mitatu iliyopangana kushoto inaitwa Dada Watatu. Kati ya mmoja na mwingine kuna bonde dogo limening'inia juu. Akina MacDonald walikuwa wakificha humo ng'ombe wa kuiba.

Sada: Kumbe ukoo wa mzee wetu ni wezi wa ng'ombe 🤣

Mwl. Mwanaidi: Sikilizeni hili. Yale mabakuli ya mlimani tuliyokuwa tukikaririsha, "corrie", "corrie", watoto wanatamka kama kasuku na mimi mwenyewe nikidhani ni Kiingereza. Ni neno la hawa wenyeji! Kigaeli, coire, maana yake chungu cha kupikia. Ningejua ningewaambia "chungu" na wangeelewa siku moja.

Ustadh Bakari: Subhanallah. Shemeji umefaidi.

Mwl. Mwanaidi [12:52]: Sasa dereva amezima kipaza sauti, amesimama mbele yetu, anatusimulia kwa mdomo tu. Nitawaandikia tukiwa njiani.

Mwl. Mwanaidi [13:10]: Haya. Mwaka 1691 mfalme wa London, William, aliwaambia wakuu wa koo zote wale kiapo cha utii, mwisho tarehe 1 Januari 1692. Mkuu wa MacDonald wa hapa alikuwa mzee, akajivutavuta mpaka siku za mwisho. Akaenda ngome ya Fort William. Akaambiwa sisi hatupokei kiapo, nenda Inveraray. Akakata theluji mpaka Inveraray, mhusika hayupo. Akaapa tarehe 6.

Athumani: Kumbe "nenda dirisha lile" ni ya tangu zamani.

Mwl. Mwanaidi: Ndiyo ilivyokuwa. Siku tano za kuchelewa. Wakubwa wakaona wamepata kisingizio. Wakaletwa askari kama 120, kapteni wao Robert Campbell, wakaomba malazi. Kwa mila ya huku mgeni hakataliwi, hata awe wa ukoo mliogombana. Wakagawanywa majumbani, wakala, wakanywa, wakacheza karata na wenyeji karibu wiki mbili. Alfajiri ya tarehe 13 Februari wakaamka wakawaua wenyeji wao. Watu kama 38. Waliokimbilia milimani wengine walikufa kwa baridi.

Sada: La ilaha illallah.

Sada: Nimemsomea Mama. Amenyamaza kwanza. Halafu akasema: "Walikula chumvi yao?" Nikamwambia walikula. Akasema "Basi."

Athumani: Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe. Wale wangepewa jembe wangeondoka mapema.

Juma: Na akina Campbell bado wapo?

Mwl. Mwanaidi: Wapo wengi tu. Kuna hoteli ya hapa bondeni, mlangoni wameweka kibao: wachuuzi na akina Campbell hawaruhusiwi. Siku hizi ni utani. Mzee wa Kanada alikuwa analia, amegeukia dirishani. Sikujua la kumwambia. Nikamfungulia kile chombo cha mkate wa kumimina.

Sada: Akala?

Mwl. Mwanaidi: Vipande vitatu. Akauliza ni keki ya nini, nikamwambia mchele na nazi. Wafilipino nao wakageuka, wakasema kwao ipo kama hii. Sasa chombo kinazunguka basi zima, na Wahispania wameamka.

Athumani: Chakula ndiyo kengele yao.

Juma [13:45]: Ben Nevis umeuona? Mlima mkubwa kuliko yote Uingereza nzima.

Mwl. Mwanaidi: Tumeambiwa uko kulia. Kulia kuna wingu. Mita 1,345.

Juma: Hiyo si ni Lushoto?

Mwl. Mwanaidi: Lushoto mjini ni kama 1,400. Ukipanda Kosta kwenda kununua plamu umeshaupita. Lakini usidharau, Juma. Huku barafu ilishuka mpaka baharini, na upepo wake haujui kama mlima ni mfupi. Nimefungua mlango, kanga imepaa.

Ustadh Bakari [14:05]: Shemeji, adhuhuri utaiwahi? Wewe ni msafiri, una ruhusa ya kupunguza na kukusanya na alasiri.

Mwl. Mwanaidi: Nalijua hilo, nashukuru. Adhuhuri ya huku inaingia saa saba na dakika kama ishirini. Na magharibi, shemeji, ni saa nne usiku. Wiki ya kwanza nilikuwa namuuliza Zuhura kama jua limeharibika.

Mwl. Mwanaidi [15:05]: Tumefika Fort Augustus, ndipo Loch Ness inapoanzia. Tumepewa muda, basi linaondoka saa nane na nusu.

Juma: LILE DUDU LINALOSEMWA LINAISHI ZIWANI UMELIONA??

Mwl. Mwanaidi: Nimeliona dukani, la kijani, la manyoya, limevaa kofia. Ile picha mashuhuri ya 1934 yenye shingo ndefu ilikuja kujulikana ni kichwa cha kubandika juu ya nyambizi ya kuchezea watoto. Lakini ziwa lenyewe si mchezo. Kina chake mita 230, maji meusi kama chai ya rangi, kwa sababu ya udongo wa kinamasi unaoshuka milimani.

Juma: Tanganyika mita 1,470 😎

Mwl. Mwanaidi: Sawa, mtoto wa nchi. Ila yote mawili yamekaa kwenye mpasuko wa ardhi. Huu umenyooka kama rula, umeikata Uskoti kutoka bahari hii mpaka ile, barafu ikaja ikauchimba zaidi. Wakaunganisha maziwa yake kwa mfereji, ukafunguliwa 1822. Hapa kijijini boti zinapanda ngazi! Kuna vyumba vitano vya maji vyenye malango, boti inaingia, maji yanajazwa, inainuka, inahamia cha juu yake. Nimetazama moja mwanzo mpaka mwisho.

Mwl. Mwanaidi [15:36]: JAMANI NIMEACHWA

Sada: Nini??

Athumani: Umeachwa vipi? Tulia. Uko wapi?

Mwl. Mwanaidi: Nimemaliza kuswali kando ya mfereji, natazama saa, tisa na nusu na dakika sita! Waliniambia nane na nusu! Saa nzima! Nimekimbia mpaka maegesho

Mwl. Mwanaidi: Basi lipo lakini limefungwa hakuna mtu

Athumani: Kama basi lipo hujaachwa. Basi haliondoki bila basi.

Juma: Shangazi. Saa uliyoitazama ni ipi?

Mwl. Mwanaidi: Ya mkononi, ile ya marehemu

Juma: Hiyo ni ya Tanga. Huko ni saa saba na nusu. Umewahi karibu saa nzima. Tazama juu ya simu yako.

Juma: Shangazi?

Mwl. Mwanaidi [15:41]: Sentensi zangu tatu zilizopita hazina nukta. Naomba radhi.

Sada: 🤣🤣🤣 Mama amecheka mpaka kashika mbavu

Mwl. Mwanaidi: Sikutaka kuirudisha nyuma, ndiyo maana. Basi yaishe.

Ustadh Bakari: Kibla ulikipata?

Mwl. Mwanaidi: Simu imenionyesha, kusini mashariki. Miaka yote nimeswali nikielekea kaskazini, mwili ulikataa kidogo kugeuka. Nikatandika kanga kwenye nyasi, mvua ikaanza. Kufika rakaa ya pili naona hainipati. Nilipotoa salamu nikamkuta yule mdogo wa Manila amesimama nyuma yangu na mwavuli, ameunyoosha mkono wote, yeye mwenyewe analowa. Hakusema neno. Na visubi wanamla, maana huku kuna visubi hao, Mungu apishe mbali.

Ustadh Bakari: Allah amlipe.

Sada: Na mzee wa Kanada alikuwa wapi?

Mwl. Mwanaidi: Alikwenda kununua dudu la manyoya la mjukuu wake. Sada, nimekuonya.

Mwl. Mwanaidi [18:30]: [picha] Hii ni ya Mama. Ng'ombe wa huku.

Sada: Anasema huyo ng'ombe hajanyolewa, nani anamtunza? Nywele zimeziba macho.

Mwl. Mwanaidi: Ndivyo walivyoumbwa, kwa baridi. Chaji imebaki kidogo, tutaonana Glasgow.

Zuhura [22:12]: Nimetoka kazini. Ujumbe 187?! Nani kaachwa? MZEE GANI WA KANADA?

Sada: Mwulize mama yako 🤐

Zuhura: Nimempata kituoni. Anaagana na basi zima kama wanarudi kutoka Hija. Mfilipino mmoja amevaa kanga ya Mama.

Mwl. Mwanaidi [22:48]: Nimefika, nimechomeka simu. Jua bado lipo dirishani. Juma, uko macho?

Juma: Nipo Shangazi.

Mwl. Mwanaidi: Ile karatasi yako ya mtihani, ulichora kuta za bonde zimelala chini, ukaweka mawe mawe kando. Nikakukata alama mbili nikaandika "kuta za U husimama wima".

Juma: Hiyo hiyo.

Mwl. Mwanaidi: Leo nimetazama vizuri. Juu zimesimama. Lakini chini kokoto zimeporomoka kwa maelfu ya miaka, zimelaza kuta zote mbili. Kitabu hakikuonyesha, na mimi nilichora kama kitabu.

Juma: Kwa hiyo Shangazi alama zangu mbili zinarudi?

Mwl. Mwanaidi: Moja. Hukuandika jina la mchoro.